Mafuta Yanayofanya Kazi: Lipidi na Uhai wa Utando wa Seli



 Nawaona wazazi wameketi safu za nyuma. Hawakusomea fani hii, lakini wamekuja kusikiliza, na jioni hii nitajitahidi kusema nao kwanza.

Tazameni mchoro wa utando wa seli katika kitabu chochote cha sekondari. Protini zimepakwa rangi, kila moja ina jina na mshale wake. Katikati yake zimepangwa safu mbili za viduara vyenye mikia, vyote vya sura moja, na chini yake maneno mawili tu: tabaka la lipidi. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba kazi hufanywa na protini, na kwamba mafuta ni kifungashio. Nimekuja kuipinga imani hiyo. Nia yangu ni kuonyesha kwamba lipidi za utando zinafanya kazi, zina aina nyingi na kila aina ina mahali pake. Tena magonjwa kadhaa yanayotuumiza katika eneo hili la Afrika, pamoja na tiba zake, hayaeleweki vizuri pasipo kuzielewa lipidi hizo. Nina hoja tano. Hazitalingana kwa urefu, kwa sababu mambo yenyewe hayalingani kwa uzito.

Hoja ya kwanza: maji ndiyo yanayoujenga utando

Lipidi iliyo nyingi zaidi katika tando zetu ni fosfolipidi. Ichoreni akilini kama kiluwiluwi mwenye mikia miwili. Kichwani kuna fosfeti yenye chaji ya umeme, na kichwa hicho hushikana na maji bila shida. Mikia ni minyororo ya kaboni na haidrojeni, mara nyingi yenye atomi 16 au 18 za kaboni, na haina chochote cha kushikana na maji. Gliseroli ndiyo inayounganisha kichwa na mikia.

Sasa itieni molekuli hiyo majini. Molekuli za maji hupenda kushikana zenyewe kwa zenyewe, na kila moja hubadilisha wa kushikana naye mara nyingi mno kwa sekunde. Mkia wa mafuta ukiingia katikati yake, maji yaliyouzunguka hubanwa: yanabaki na njia chache za kujipanga. Mikia mingi ikikusanyika mahali pamoja, maji machache zaidi ndiyo yanayobanwa. Basi mikia hukusanyika, vichwa hubaki vikitazama maji, na matokeo yake ni tabaka mbili: vichwa nje pande zote mbili, mikia ndani. Hakuna kimeng'enya kinachosimamia ujenzi huo, wala hautumii nishati ya seli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwingereza Alec Bangham alikausha fosfolipidi, akaiongezea maji na kuitazama kwa hadubini ya elektroni. Aliona vifuko vidogo vilivyofungika vyenyewe. Leo tunaviita liposomu, na nitavirudia baadaye kwa sababu vinaokoa maisha Kampala.

Kutokana na jambo hilo hilo, utando ukitobolewa tundu dogo hujiziba. Kingo za tundu huiacha mikia wazi mbele ya maji, na maji huisukuma irudiane.

Tulijuaje kuwa tabaka ni mbili? Hapa naomba mniruhusu kukaa kidogo, kwa kuwa historia yenyewe ni nzuri. Mwaka 1774 Benjamin Franklin alichapisha taarifa ya jaribio alilofanya kwenye bwawa la Clapham, London. Alimwaga mafuta yasiyozidi kijiko cha chai, nayo yakatandaa hadi kutuliza mawimbi katika eneo la karibu nusu ekari. Gawanyeni ujazo wa kijiko kwa eneo hilo, mtapata unene wa nanomita moja au mbili hivi, yaani urefu wa molekuli moja. Franklin hakuipiga hesabu hiyo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye alitokea Agnes Pockels, binti wa Braunschweig, Ujerumani, ambaye zama zake zilimnyima nafasi ya chuo kikuu kwa kuwa ni mwanamke. Jikoni kwao alibuni chombo cha kupima jinsi tabaka jembamba la mafuta linavyobadili mvuto wa uso wa maji. Alimwandikia Lord Rayleigh, naye akaipeleka barua hiyo kwenye jarida la Nature, ikachapishwa mwaka 1891. Chombo alichokitumia Irving Langmuir mwaka 1917, katika kazi iliyochangia Tuzo yake ya Nobel ya 1932, ni mwana wa chombo cha Pockels. Napenda wasichana waliomo ukumbini walijue jina hilo.

Ndipo mwaka 1925, huko Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na mwenzake Grendel walipochagua chembe nyekundu za damu. Chaguo lao lilikuwa la busara: chembe nyekundu iliyokomaa ya binadamu haina kiini wala tando za ndani, kwa hiyo mafuta yake yote yako kwenye utando wa nje. Waliyatoa mafuta ya chembe za binadamu, mbwa, kondoo, mbuzi na wanyama wengine, wakayatandaza juu ya maji kwa njia ya Langmuir. Eneo walilopata lilikuwa karibu mara mbili ya eneo la uso wa chembe zenyewe. Hivyo wakasema tabaka ni mbili. Baadaye ilijulikana kwamba hawakuyatoa mafuta yote, na kwamba waliupima uso wa chembe ukiwa umenywea kwa kukaushwa, hivyo kasoro moja ikaifidia nyingine. Hitimisho lao limesimama hadi leo.

Walimu, jaribio la Franklin linawezekana shuleni kwenu: sinia pana, maji safi, poda nyepesi juu ya maji, na tone moja la mafuta yaliyozimuliwa kwa spiriti. Mwanafunzi atapima kwa rula urefu wa molekuli.

Utando mzima una unene wa nanomita 5 hivi. Karatasi ya daftari ni nene kama tando 20,000 zilizobebana. Hata hivyo wembamba huo unatosha kuzuia. Oksijeni na kaboni dayoksaidi hupita humo kwa urahisi. Maji hupita kwa kiasi. Ayoni ya sodiamu hupita kwa shida mno, takriban mara bilioni moja kuliko maji, kwa sababu chaji yake haina pa kushika kati ya mikia. Seli za neva hutumia kizuizi hicho kuhifadhi tofauti ya umeme ya milivolti 70 hivi kati ya ndani na nje. Inasikika ndogo, lakini kwa unene wa nanomita 5 ni sawa na volti 140,000 kwa kila sentimita. Kila wazo linalopita kichwani mwenu sasa linategemea mafuta yanayoweza kustahimili umeme huo.

Hoja ya pili: mafuta hayo ni kimiminika, na seli hulinda umiminika wake

Mwaka 1970 Frye na Edidin waliunganisha seli ya panya na seli ya binadamu zikawa moja, protini za uso wa kila upande zikiwa zimetiwa rangi yake. Mwanzoni nusu moja ilikuwa na rangi moja na nusu ya pili nyingine. Baada ya dakika 40 katika joto la mwili, rangi zilikuwa zimechanganyika kote. Walipozipoza seli hizo sana, mchanganyiko ulikwama. Miaka miwili baadaye Singer na Nicolson waliandika katika jarida la Science kwamba utando ni kimiminika ambamo protini huelea, na karibu kila kitabu kimefuata picha yao.

Ninyi mnaopika mnaijua siri ya umiminika huo. Mchuzi wa nyama ya ng'ombe ukilala usiku wa baridi, asubuhi mafuta yameganda juu. Mafuta ya alizeti kwenye chupa hayajaganda. Mikia ya mafuta ya ng'ombe mingi imenyooka, hivyo hulala sambamba na kushikana. Mikia ya alizeti ina viungo viwili-viwili vya kaboni vinavyoipinda, ikashindwa kubanana. Tando za seli zimechanganya aina zote mbili, na seli hubadilisha uwiano kulingana na joto. Mwaka 1974 Sinensky alionyesha kwamba bakteria Escherichia coli akikuzwa kwenye baridi huongeza mikia iliyopinda, na akikuzwa kwenye joto huongeza iliyonyooka, hata umiminika wa utando wake ukabaki karibu palepale. Kiumbe asiye na ubongo anapima hali ya mafuta yake na kuirekebisha.

Sisi wanyama tuna nyenzo ya ziada, kolesteroli. Najua jina hilo limepata sifa mbaya kliniki. Kolesteroli iliyozidi katika damu huziba mishipa, na ushauri wa daktari wako uufuate. Lakini katika utando wa chembe nyekundu, molekuli za kolesteroli zinakaribia kulingana kwa idadi na fosfolipidi. Umbo lake ni bapa na gumu. Katika joto huizuia mikia isiyumbe kupita kiasi, na katika baridi huizuia isilale sambamba ikaganda. Bila kolesteroli seli zetu zingevuja.

Hoja ya tatu: sura ya ndani si sura ya nje

Mchoro wa shuleni unaficha jambo hili kabisa, nami naliona kubwa kuliko yote niliyosema. Tabaka mbili za utando hazifanani. Ile inayotazama nje ina fosfatidilikolini na sfingomielini kwa wingi. Ile inayotazama ndani ina fosfatidiliserini, ambayo kichwa chake kina chaji hasi. Fosfolipidi hukimbia kwa kasi ndani ya tabaka lake. Huweza kubadilishana nafasi na jirani mara milioni 10 kwa sekunde. Kupinduka kutoka tabaka moja kwenda jingine ni shida, maana kichwa chenye chaji kingelazimika kupita katikati ya mikia. Kupinduka huko kukiachwa kutokee kwenyewe huchukua saa au siku nyingi.

Hata hivyo kidogo kidogo lipidi zingechanganyika. Seli hairuhusu. Ina protini zinazotumia nishati mchana na usiku kuirudisha ndani kila fosfatidiliserini inayopotelea nje. Kwa nini seli ilipie gharama hiyo maisha yake yote?

Kwa sababu fosfatidiliserini ikionekana nje huwa ni ujumbe. Seli iliyofikia mwisho wake huiachia itokeze nje, na makrofaji, seli za kinga zinazomeza, huisoma alama hiyo na kuimeza seli taratibu, bila uvimbe. Chembe sahani za damu zinapofika kwenye jeraha nazo huitoa nje, na juu ya uso huo wenye chaji hasi protini za kugandisha damu hujipanga kwa msaada wa kalsiamu. Mkijikata na kisu jikoni na damu ikakoma, fosfatidiliserini imeshiriki.

Sasa fikirieni chembe inayoitoa alama hiyo pasipo wakati wake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Uganda ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Tunafundishwa, na ni kweli, kwamba chanzo ni badiliko moja katika himoglobini. Himoglobini hiyo ikikosa oksijeni hujipanga nyuzi nyuzi na kuipinda chembe. Lakini chembe ikipindwa na kunyooka tena na tena, utando wake huumia na mpangilio wa lipidi huvurugika. Fosfatidiliserini hutokeza nje kwenye baadhi ya chembe zikiwa bado mpya. Makrofaji huzimeza kabla ya siku zake, na upungufu wa damu huongezeka. Chembe hizo hunata kwenye kuta za mishipa, na damu huelekea kuganda mahali isipotakiwa kuganda. Maumivu anayoyapata mtoto huyo yana sababu nyingi, na hii ni mojawapo. Himoglobini ndiyo iliyoanzisha shari, lakini lipidi iliyogeuka uso inaiendeleza, na mzazi anayemkesha mwanawe wodini anastahili kuelezwa hivyo.

Hoja ya nne: lipidi ni mlango, na ni shabaha

Nje ya seli za utumbo wetu kuna lipidi zilizobeba minyororo mifupi ya sukari. Moja yake huitwa GM1. Sumu ya kipindupindu ina vipande vitano vilivyopangwa duara, na kila kimoja hushika GM1. Mwaka 1973 Jan Holmgren na wenzake wa Sweden walikuwa miongoni mwa waliothibitisha kwamba lipidi hiyo ndiyo mlango wa sumu hiyo. Ikishashika, kipande cha sita huingia ndani na kuiwasha mitambo ya seli isizimike, chumvi na maji vikamwagika utumboni. Hapo ndipo mgonjwa hupoteza lita za maji kwa siku moja. Maji ya chumvi na sukari humwokoa kwa sababu njia inayonyonya sodiamu pamoja na glukosi haikuguswa na sumu.

Vipande vile vitano peke yake havina madhara. Vinaweza kuufundisha mwili kujikinga. Mwanzoni mwa 2009 Zanzibar iliendesha kampeni ya chanjo ya kunywa iliyokuwa na bakteria waliouawa pamoja na vipande hivyo, kwa jamii za Unguja na Pemba zilizokuwa hatarini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliopata dozi mbili walikingwa kwa asilimia 79. Chanjo hiyo haikuondoa haja ya maji safi na vyoo. Ila watu wa visiwani wanapaswa kujua kwamba elimu ya lipidi ilifika Pemba ikiwa ndani ya glasi ya maji.

Mfano wa pili ni fangasi. Utando wa fangasi hauna kolesteroli. Una ndugu yake, ergosteroli. Tofauti ni ndogo mno, lakini dawa ya amfoterisini B huing'ang'ania ergosteroli kwa nguvu zaidi, na fangasi hufa. Wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana hushambuliwa na fangasi aina ya Cryptococcus, anayeleta homa ya uti wa mgongo. Kwa miongo mingi amfoterisini ya kawaida ilikuwa tiba ngumu: sindano za mishipa siku hadi siku, huku figo zikiharibika, kwa kuwa dawa hiyo huigusa kolesteroli yetu pia.

Hapa ndipo vifuko vya Bangham vinarudi. Amfoterisini ikifungwa ndani ya liposomu, vifuko vya fosfolipidi na kolesteroli, hutulia humo na kuziachia figo nafuu kubwa. Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2022, ulilinganisha dozi moja tu kubwa ya liposomu, pamoja na vidonge vya wiki mbili, na tiba ya sindano za siku saba. Waliofariki ndani ya wiki 10 walikuwa asilimia 24.8 kwa dozi moja, na asilimia 28.7 kwa tiba ya zamani, na madhara yalipungua. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake mwaka huohuo. Bado karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alifariki, na takwimu hiyo isitusahaulishe kwamba wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Lakini muuguzi anayetundika chupa moja badala ya saba ana saa za kumhudumia mgonjwa wa kitanda cha pili.

Hoja ya tano: umbo la molekuli huamua kama utando utasimama

Hii ni fupi. Fosfolipidi ya mikia miwili ina upana unaolingana juu na chini, hivyo hujipanga bapa. Mkia mmoja ukiondolewa, kichwa huwa kipana kuliko kilichobaki, na molekuli za namna hiyo hupinda na kuusambaratisha utando. Molekuli ya sabuni ina mkia mmoja. Ndiyo sababu sabuni ya kipande huua virusi vya Ebola na vya korona mikononi: vimejifunika utando vilioupora kutoka seli zetu, na sabuni huuvunja.

Sumu ya nyoka wengi ina kimeng'enya kinachokata mkia mmoja wa fosfolipidi. Swila wenye kutema, wakiwemo wale wakubwa wa Watamu waliotambuliwa kisayansi kuwa spishi ya peke yake mwaka 2007, hukitumia kimeng'enya hicho kuongeza ukali wa sumu nyingine, na jicho lililotemewa huungua kwa maumivu makali. Mafuta ya seli ya mtu hugeuzwa papo hapo kuwa kitu chenye tabia ya sabuni. Jambo hilo likikutokea, osha jicho kwa maji mengi bila kukoma na uwahi hospitali.

Tunakoelekea

Mheshimiwa Mwenyekiti, nageukia yajayo. Chanjo za RNA zilizotumika dhidi ya korona zilibebwa na chembe za lipidi za aina nne: kolesteroli, fosfolipidi, lipidi yenye mnyororo wa polima unaozuia chembe zisigandamane, na lipidi moja maalumu ambayo hupata chaji chanya penye asidi. Hiyo ya nne ndiyo inayoufungua mlango, kwani chembe ikimezwa na seli hukutana na asidi, hupata chaji, huvuruga utando ulioimeza na kuiachia RNA itoke. Bila lipidi hizo RNA ingeharibika kabla ya kufika popote.

Moja ya chanjo hizo ilipoanza kutumika ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Zahanati isiyo na umeme wa uhakika ingeihifadhi vipi? Sasa teknolojia hiyo inaletwa Afrika: Cape Town kuna kituo cha teknolojia ya RNA kilichoanzishwa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, Kenya ni miongoni mwa nchi sita za kwanza za Afrika zilizochaguliwa kupokea teknolojia hiyo, na Kigali kumejengwa eneo la kiwanda cha kampuni ya BioNTech. Majengo yanakuja. Nataka tuulizane nani atakayezijua lipidi zitakazotiwa ndani yake.

Kuna maswali ambayo yanatuhusu sisi kuliko watu wa Ulaya. Ni mikia ipi itakayoiruhusu chembe ya lipidi kustahimili joto la Lamu au Tabora kwa wiki kadhaa? Je, ukaushaji unaweza kuondoa haja ya friji bila kuzipasua chembe hizo? Amfoterisini ya liposomu inaweza kutengenezwa hapa kwa bei ambayo hospitali ya wilaya itaimudu? Na kwa watoto wa selimundu, je, kuna njia salama ya kuirudisha fosfatidiliserini ndani? Maswali hayo yanahitaji maabara yenye umeme usiokatika, mizani sahihi, na wanafunzi wa kemia na baiolojia watakaolipwa kukaa nayo miaka minne au mitano. Baadhi yenu mmeketi hapa mbele. Vyuo vyetu vitenge fedha za masomo hayo katika bajeti ijayo, na walimu waanze mwaka huu na lile sinia la maji.

 Nakaribisha maswali, tukianza na safu za nyuma.